Watu wa Bahari Wanakosaje Madini Joto? Chumvi, Rovu na Watoto wa Shule

Ukimwambia Mtanzania kwamba zamani watoto wa Makete au Ludewa walikuwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, kwa wingi, hatashangaa. Hilo wengi wetu tulilisikia tangu darasani: kule ni milimani, mvua za karne na karne zimeuosha udongo, bahari iko mbali, madini joto hayapo. Lakini mwambie kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa lishe waliwapima wanafunzi wa shule za msingi kisiwani Pemba na kukuta karibu theluthi moja wana tezi ya shingo iliyovimba. Hapo atakubishia. Pemba, ambako watu wanakula samaki na chumvi wanaivuna wenyewe? Hata Unguja, ambako hali ilikuwa nafuu, mtoto mmoja kati ya watano hivi alikutwa na uvimbe huo.

Ubishi huo una sababu, kwa kuwa sote tumezoea kuamini kwamba madini joto, au aidini, ni mali ya bahari. Na kweli ni mali ya bahari, ila hayabaki kwenye chumvi yake. Hesabu yake ni fupi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na ina madini joto kama maikrogramu 50 hadi 60. Tuseme maji yakishakauka kwenye mashamba ya chumvi madini joto yote yanabaki pamoja na chumvi. Hayabaki yote, kwani mengine hupotea hewani na mengine huondoka na maji ya mwisho yanayomwagwa chumvi ikishaganda, lakini tuseme hivyo. Kilo moja ya chumvi ile itakuwa na madini joto yasiyofika miligramu 2. Chumvi inayofika jikoni inatakiwa iwe na angalau miligramu 15 kwa kilo. Kwa hiyo mvunaji wa chumvi aliye hatua kumi kutoka ufukweni anauza chumvi tupu, sawa na ile inayochimbwa ardhini.

Samaki je? Samaki wa baharini wana madini joto kuliko nyama au mchicha wa bara, lakini hutofautiana sana aina kwa aina, na kwenye nyumba nyingi za pwani samaki ni kitoweo: kipande kando ya sinia la wali au muhogo. Ukimgawia mtoto wa miaka minane kipande chake, hesabu haifiki. Kuna jambo jingine linaloudhi kidogo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake wa Paje, Jambiani na vijiji vingi vya Unguja na Pemba wamekuwa wakilima mwani, na mwani ni jamii ya mimea ambayo madini joto yaligunduliwa ndani yake mara ya kwanza: mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois aliyakuta kwenye majivu ya mwani alipokuwa akitafuta malighafi ya baruti. Mwani mwingi wa Zanzibar unakaushwa, unafungwa kwenye magunia na kupakiwa melini kwenda viwanda vya nje. Kwa kawaida haupikwi nyumbani.

Basi tofauti kati ya Unguja na Pemba haikutokana na bahari, maana bahari ni ileile. Ilitokana na duka. Unguja zaidi ya nusu ya nyumba zilikuwa zinatumia chumvi iliyotiwa madini joto. Pemba chumvi hiyo ilikuwa karibu haipo kabisa, kila mtu alipikia chumvi ya palepale. Mkojo wa watoto ulionyesha hivyohivyo: Unguja kiwango cha kuridhisha, Pemba chini sana.

Tezi inafanya nini na madini haya

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, imefanana na kipepeo aliyetandaza mbawa. Kazi yake ni kutengeneza homoni mbili ambazo zinaamua mwili uende kasi gani: moyo upige vipi, joto la mwili liwe kiasi gani, mifupa irefuke, ubongo ukue. Homoni ya kwanza ina atomu 4 za madini joto katika kila molekuli, ya pili ina 3. Hakuna kitu kingine kinachoweza kukaa mahali pa atomu hizo. Mwili haujui kutengeneza madini joto, na hauna njia ya mkato.

Yanapopungua, tezi iliyo chini ya ubongo hutuma amri kwa thairoidi ifanye kazi zaidi. Thairoidi inatii kwa njia inayoiweza: inaongeza seli na kutanuka, ili inase hata chembe ndogo ya madini joto inayopita kwenye damu. Uvimbe huo ndio rovu. Kwa hiyo rovu lenyewe, katika hali nyingi, ni dalili kwamba mwili unajitahidi, na mara nyingine unafanikiwa: mtoto anaweza kuwa na tezi iliyovimba na homoni zake zikawa bado zinatosha. Kwa upande mwingine, mtoto wa shingo laini kabisa anaweza kuwa amezaliwa na mama aliyepungukiwa, na hasara yake haionekani kwa macho.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo cha kushangaza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maikrogramu 90 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miaka 5, 120 kwa wa miaka 6 hadi 12, 150 kwa mtu mzima, na 250 kwa mama mjamzito au anayenyonyesha. Piga hesabu ya mtu mzima kwa miaka 70: hazifiki gramu 4 za madini joto maisha yote. Tatizo ni kwamba huwezi kumpa mtu gramu hizo 4 kwa siku moja ukamaliza kazi. Mwili unahifadhi akiba ya miezi michache tu, na zaidi ya asilimia 90 ya yanayoingia hutoka na mkojo. Yanatakiwa kidogo kidogo, kila siku, kwa kila mtu, tajiri na maskini. Ndiyo maana ikachaguliwa chumvi: kila nyumba inainunua, kila mtu anaila kwa kiasi kinachokaribiana siku hadi siku, na hakuna anayeweza kuila kwa pupa.

Kwa nini wanapimwa wanafunzi

Karibu kila utafiti wa madini joto unaanzia shule ya msingi, na watu wengi huelewa kwamba ni kwa sababu tatizo ni la wanafunzi. Sababu kubwa ni nyepesi zaidi: wanafunzi wanapatikana. Umewakuta mia mbili mahali pamoja, wa miaka 6 hadi 12, kutoka nyumba tofauti za kijiji kizima, na tezi za umri huo zinaitikia upesi mabadiliko ya chakula. Wao ni sampuli ya jamii.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Mpimaji anamsimamisha mtoto mbele yake, anaweka vidole gumba viwili pande zote za shingo na kumwambia ameze mate. Tezi inapanda na kushuka na mpimaji anaihisi chini ya vidole. Utaratibu uliozoeleka ni huu: upande mmoja wa tezi ukiwa mkubwa kuliko kipande cha mwisho cha kidole gumba cha mtoto mwenyewe, hilo linahesabiwa rovu. Kidole cha mtoto, si cha mpimaji, maana mtoto wa darasa la kwanza na wa darasa la saba hawalingani. Rovu linaloshikika bila kuonekana ni daraja la 1. Linaloonekana shingo ikiwa imekaa kawaida ni daraja la 2. Watoto wenye rovu wakifika asilimia 5 ya waliopimwa, hilo ni tatizo la afya ya jamii. Wakifika asilimia 30, hali ni mbaya sana.

Halafu kuna mkojo, na kuna chumvi. Siku moja kabla ya upimaji wanafunzi huambiwa waje na chumvi ya nyumbani, kijiko kimoja kimefungwa kwenye karatasi au mfuko mdogo. Asubuhi meza ya mwalimu inajaa vifurushi. Tone moja la dawa yenye wanga linadondoshwa juu ya chumvi: ikigeuka bluu au zambarau, madini joto yamo, ikibaki nyeupe, hayamo. Ni kipimo kizuri cha kuonyesha ndiyo au hapana. Watu hukosea wanapoangalia ukolezi wa rangi na kutangaza kwamba chumvi hii ina kiasi fulani. Rangi haiaminiki kiasi hicho. Ukitaka kiasi, chumvi iende maabara.

Mkojo nao una mtego wake. Mtoto mmoja akipimwa leo na kukutwa na maikrogramu 70 kwa lita, na mwenzake 250, huwezi kusema wa kwanza ni mgonjwa na wa pili mzima. Kiwango cha mkojo kinapanda na kushuka kulingana na alichokula jana na maji aliyokunywa. Kinachosomwa ni thamani ya katikati ya kundi zima: ikiwa kati ya 100 na 199 kwa lita, watoto wa eneo hilo wanapata ya kutosha, chini ya 100 wamepungukiwa, 300 na zaidi wamezidishiwa. Mzazi akiletewa karatasi ya kipimo kimoja cha mkojo wa mwanawe na kuambiwa anunue dawa, ana haki ya kuuliza maswali.

Vipimo hivi viwili havizungumzii wakati mmoja. Mkojo unaeleza wiki hii. Rovu linaeleza miaka iliyopita, kwa sababu tezi iliyotanuka huchukua miezi mingi, mara nyingine miaka, kunywea hata baada ya chumvi nzuri kufika. Ndiyo maana unaweza kukuta eneo ambalo mkojo ni mzuri na rovu bado ni jingi. Hakuna aliyekosea kupima.

Na akili za darasani?

Hapa ndipo maneno yanapokuwa mengi kuliko ushahidi, na inafaa twende polepole.

Jambo lisilo na ubishi ni la tumboni. Katika nusu ya kwanza ya ujauzito mtoto hutegemea homoni za mama kwa ajili ya ubongo wake, kwani tezi yake mwenyewe bado haijaanza kazi sawasawa. Mama akiwa amepungukiwa vibaya sana, mtoto anaweza kuzaliwa na ukretini: akili iliyodumaa, mara nyingi uziwi na ububu, miguu iliyokakamaa au kimo kifupi. Katika miaka ya 1960 daktari Peter Pharoah alifanya jaribio kwenye milima ya Papua New Guinea. Familia zilichomwa sindano ya mafuta yenye madini joto, nyingine sindano isiyo na madini hayo. Wanawake waliopata madini joto kabla ya kushika mimba waliepushiwa watoto wenye ukretini. Waliokuwa tayari wajawazito walipochomwa, kwa wengine ilikuwa imechelewa. Tangu hapo inajulikana kwamba dirisha lenyewe linafungwa mapema, kabla hata mama wengine hawajaanza kliniki.

Jambo la pili ni takwimu inayonukuliwa kila mahali: kwamba watu wa maeneo yaliyopungukiwa vibaya wana alama 13.5 pungufu kwenye vipimo vya akili. Ilitoka kwenye mapitio ya Bleichrodt na Born ya mwaka 1994, yaliyokusanya tafiti nyingi. Inatisha, na ina uzito wake. Lakini tafiti nyingi kati ya hizo zililinganisha kijiji kimoja na kingine, na kijiji kilichokosa madini joto mara nyingi ndicho kilichokosa pia barabara, walimu na maziwa. Si alama zote 13.5 zinaweza kubebeshwa chumvi.

La tatu linatuhusu Watanzania moja kwa moja. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, kabla ya chumvi yenye madini joto kutengenezwa kwa wingi, serikali kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizokuwa na hali mbaya, nyingi za Nyanda za Juu Kusini na magharibi. Kidonge kilikuwa na akiba ya mwaka au zaidi. Vilifika kwa kuchelewa huku, kwa kurukaruka kule, na fujo hiyo ikawapa wachumi nafasi: watoto waliokuwa tumboni vidonge vilipokuwa vimefika wangeweza kulinganishwa na ndugu zao waliotangulia au kufuata. Mwaka 2009 Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha matokeo: waliokingwa tumboni walisoma zaidi kwa kati ya theluthi na nusu ya mwaka wa shule, na wasichana walinufaika zaidi. Matokeo hayo yalisambaa dunia nzima. Kidonge cha senti chache kinaongeza nusu mwaka wa shule, nani asingependa?

Baadaye Niklas Bengtsson, Fredrik Sävje na Stefan Peterson waliirudia kazi hiyo. Walichambua upya namna data zilivyopangwa, na athari ile kubwa haikusimama tena imara. Haimaanishi kwamba vidonge havikuwa na faida. Inamaanisha kwamba kwa njia ile, kwa data zile, faida ya masomo haikuweza kuthibitishwa. Mimi naona watu wa afya wangefaidika kulisema hilo waziwazi. Hoja ya chumvi ina miguu mingine ya kusimamia, haihitaji kuegemea takwimu moja yenye mgogoro.

Mguu mmojawapo ni Albania. Mwaka 2006 Michael Zimmermann na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la watoto 310 wa miaka 10 hadi 12 waliokuwa wamepungukiwa. Kwa bahati nasibu nusu walipewa kidonge cha mafuta yenye madini joto, nusu kidonge kisicho na madini hayo, na si watoto wala wapimaji waliojua nani kapewa kipi. Baada ya wiki 24 waliopata madini joto walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo 4 kati ya 7: kasi ya kuchambua habari, wepesi wa vidole, kutatua mafumbo ya picha. Kwa hiyo mtoto ambaye tayari yuko darasani anaweza kusaidika. Akili iliyokuwa inajivuta kwa kukosa homoni inaweza kuchangamka. Kilichoharibika tumboni hakirudi, na chumvi ya leo haimgeuzi mtoto wa mkiani kuwa wa kwanza, lakini si kweli pia kwamba akishafika shule hakuna la kufanya.

Ilivyokwenda nchini

Chumvi yenye madini joto si kitu kigeni cha juzi. Uswisi ilianza 1922 na jimbo la Michigan, Marekani, 1924, baada ya David Marine na Oliver Kimball kuonyesha kwa wasichana wa shule za Akron, Ohio, kwamba kiasi kidogo cha madini joto kinazuia rovu karibu kabisa. Kenya imekuwa na sheria ya lazima tangu 1978. Tanzania Bara ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Matokeo yalionekana. Katika wilaya zilizokuwa na hali mbaya zaidi, watoto wenye rovu walikuwa kama 6 kati ya 10 katika miaka ya 1980. Ilipofika 1999 walikuwa asilimia 12 hivi. Mwaka 2004 ukafanyika utafiti mkubwa wa nchi nzima uliogusa wanafunzi zaidi ya 140,000. Rovu kitaifa lilikuwa asilimia 6.9. Nyumba 8 kati ya 10 na ushei zilikuwa na chumvi yenye madini joto. Watoto wa miaka 6 hadi 9, waliozaliwa chumvi ikiwa imeshaanza kusambaa, walikuwa na rovu kidogo kuliko kaka na dada zao. Na thamani ya katikati ya mkojo ilikuwa maikrogramu 204 kwa lita, yaani imepita kidogo tu kiwango cha kutosha.

Hiyo 204 ndiyo namba ninayopenda kuwaonyesha watu, kwa sababu inaficha mambo. Ndani yake robo ya watoto waliopimwa mkojo walikuwa chini ya 100. Na asilimia 35 walikuwa juu ya 300. Nchi moja, mwaka mmoja: inaelekea wengine wanapungukiwa na wengine wanazidishiwa, na ukiwachanganya unapata picha ya nchi iliyo sawa.

Inatokeaje? Uangalie mkono unaotia madini hayo. Kiwanda kikubwa kina mashine inayopulizia chumvi ikiwa inapita kwenye mkanda, kipimo kinajulikana. Lakini Tanzania ina wavunaji wadogo wengi mno, Mtwara, Lindi, Bagamoyo, Tanga, visiwani, na chumvi ya bara pia. Mvunaji mdogo anachanganya na maji unga wa potasiamu aidoeti, ambao ndio wenye madini joto, anaumimina mchanganyiko huo kwenye bomba la mgongoni, lilelile la kupulizia dawa mashambani, kisha anaipuliza chumvi iliyolundikwa huku mwenzake anaigeuza kwa koleo. Ili tani nzima ipate miligramu 30 kwa kilo zinahitajika kama gramu 50 tu za unga huo. Gramu 50 kwenye lundo la tani, kwa koleo! Juu ya lundo yanazidi, chini hayafiki, na mifuko miwili ya kazi ya siku moja inatoka tofauti. Pamoja na hayo unga wenyewe unaagizwa kutoka nje, unaisha, na mnunuzi wa gunia sokoni halipi zaidi kwa chumvi iliyopulizwa. Lindi na Mtwara, mikoa inayovuna chumvi yake yenyewe, imekuwa mkiani mara kwa mara kwenye tafiti za kaya. Ni Pemba ileile, kwenye nchi kavu. Ukiniuliza, kumkimbiza mvunaji wa namna hii kwa faini ni kupoteza muda. Angeunganishwa na wenzake wakanunua unga kwa pamoja na kutumia mashine moja ya kuchanganyia.

Kuzidi nako si jambo la kupuuza. Katika miaka ya 1990, chumvi yenye madini joto ilipofika kwa kishindo Kivu, mashariki mwa Kongo, na Zimbabwe, madaktari waliona watu wazima wenye thairoidi iliyopandisha kasi kupita kiasi: moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, mwili unakonda. Wengi walikuwa watu wenye rovu la miaka mingi lenye vinundu, ambalo lilipopata madini joto ghafla lilitengeneza homoni bila kusikiliza amri. Hali hiyo hupungua jamii ikizoea. Mtoto mwenye tezi changa ana hatari ndogo zaidi, ingawa kwake pia kiwango kikubwa sana kwa muda mrefu kinaweza kuvimbisha tezi, uvimbe uleule uliotaka kuuzuia. Wanaoipinga chumvi hii kwa hofu ya kuzidi wana ukweli wa robo tu: dawa ya kuzidi ni kupima na kurekebisha kiwandani.

Chumvi nzuri na bado rovu

Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu upande wa Kongo, kiliwasumbua watafiti tangu miaka ya 1960. Watu wa kaskazini mwa kisiwa walikuwa na rovu kwa wingi, wa kusini magharibi walikuwa nalo kidogo, na madini joto waliyokuwa wakipata yalikuwa duni pande zote mbili. Mtuhumiwa akawa muhogo. Muhogo mchungu una sumu ambayo mwilini hugeuka kuwa kitu kinachopigania mlango uleule wa thairoidi ambao madini joto hupitia. Mtu akishiba muhogo usiolowekwa vizuri, hata madini joto machache aliyonayo yanakwama nje. Bibi zetu walioloweka muhogo siku kadhaa, wakauanika na kuutwanga, walikuwa wanaondoa sumu hiyo. Njaa inapobana na siku zikapunguzwa, sumu inabaki. Madini joto yakitosha, muhogo hauna nguvu hiyo. Madhara yake yanakolea pale ambapo chumvi haifai.

Kizuizi kingine ni upungufu wa damu. Tafiti za Côte d'Ivoire zilionyesha kwamba watoto wenye upungufu wa madini chuma hawaitikii vizuri madini joto, kwa kuwa kimeng'enya kinachojenga homoni kwenye thairoidi kinahitaji chuma. Kwenye shule ambayo nusu ya watoto wana minyoo na malaria ya mara kwa mara, chumvi peke yake inafanya nusu kazi.

Jikoni, mambo ni machache. Nunua chumvi iliyofungwa kwenye pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto, siyo ya kupimiwa kwa kopo kutoka gunia lililo wazi juani. Chumvi ya mawe inayouzwa kwa ajili ya kukaushia samaki au kwa mifugo mara nyingi haijatiwa kitu. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na unyevu na moshi wa jiko. Aidoeti inayotiwa kwenye chumvi inavumilia joto letu kuliko aina nyingine za madini joto, lakini chumvi iliyolowana huchuruzika na madini yake. Wanaoosha chumvi ya mawe ili iwe nyeupe wanayaosha hayo hayo. Ukiweza, tia chumvi sufuria inapokaribia kuiva.

Na usiongeze chumvi kwa ajili ya madini joto. Ushauri wa kupunguza chumvi hadi chini ya gramu 5 kwa siku kwa sababu ya shinikizo la damu unabaki palepale, na haugombani na huu: ikiwa kilo ina miligramu 30, gramu 5 zinakupa maikrogramu 150, mahitaji yote ya mtu mzima. Anayebaki na pengo ni mjamzito, mwenye mahitaji ya 250. Kwa hiyo mama akienda kliniki aulize kuhusu madini joto pamoja na vidonge vya damu, na asisubiri mtoto apimwe shingo darasa la tatu.